Tuanze na matofali, mwalimu au masomo ya haraka? Kwa wanaotaka kufufua shule iliyokufa kwa vita

Jumapili iliyopita baada ya ibada tulikaa nje pale Uyole, baridi ya mwezi wa sita mnaijua, kila mtu kajifunika koti, na Papa akatupa habari za kwao. Papa ni Mkongo, tunamwita hivo kama wenyewe wanavyowaita watu wazima, yupo Mbeya miaka mingi anauza vitenge Mwanjelwa, na alikuwa ndo kwanza karudi kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Moba alikozaliwa. Anasema watu wamerudi kijijini, wengine walikuwa kambi za Kigoma, wengine walikimbilia Zambia, mihogo imeanza kulimwa tena, ila shule hamna. Kuta mbili zimesimama, mabati yaling'olewa zamani, walimu wamebaki wawili na mmoja umri umekwenda, na kuna watoto wa miaka 14 hawawezi kuandika majina yao.

Kikundi chetu kina milioni 4 na laki 6 tulizochanga kidogo kidogo. Hapo ndo tukagawanyika. Baba mchungaji na wazee wanataka hela yote iende kwenye tofali na bati, kiwe kitu kinachoonekana. Dada yetu mweka hazina anasema tulipe walimu. Vijana wanasema hao wa miaka 14 ndo wa kuwahi, waanzishiwe masomo ya haraka kama MEMKWA yetu, ule mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa. Mi nilinyamaza, mana nimefundisha shule za msingi miaka 22, nilianzia Rungwe vijijini ndani kabisa, na hivo vitu vitatu vyote nimeshaviona vikifaulu na nimeshaviona vikifa. Nikaomba wiki moja nikae niandike, nilinganishe, niangalie na nchi zingine za Afrika zilizotoka vitani zilifanyaje. Ndo hii hapa, na kama kuna kikundi kingine mahali chenye hela ndogo na shule iliyobomoka, karibuni msome.

Tofali na bati

Naanza na hii kwa sababu ndo inayopendwa. Kujenga watu wa huku tunajua, kuanzia Rungwe mpaka Makete mpaka Mufindi, ukisema shule kila kaya inajua zamu yake, tripu ya mchanga, mawe, maji ya kumwagilia, tofali za kuchoma, boma likifika kwenye linta tunaisubiri halmashauri ipaue. Shule za kata nyingi zilisimama hivo. Kwahiyo mtu wa Mbeya ukimwambia shule imebomoka, anawaza kufyatua tofali kabla hajauliza kitu kingine, na hilo silidharau hata kidogo, jengo linatia watu moyo, mtu aliyerudi kutoka kambini akiona bati jipya linang'aa anajua kweli tumerudi nyumbani.

Ila tuzikumbuke hizo shule za kata vizuri. Jengo lilikuwepo, rangi ipo, bendera ipo, walimu wawili wanagawana masomo yote, maabara hamna, na watoto wetu wengi walimaliza form four wakatoka na sifuri. Tofali zilifika kabla ya mwalimu na mtoto ndo aliyeumia. Nilikuwepo, naongea kitu nilichokiona.

Msumbiji walipita njia hiyo kwa ukubwa wa nchi nzima. Walipata uhuru 1975 wakiwa na watu zaidi ya 9 kati ya 10 wasiojua kusoma, wakakazana sana miaka ya mwanzo, alafu vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaanza 1977 ikaenda mpaka makubaliano ya Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Shule zilikuwa zinalengwa makusudi mana shule ilikuwa alama ya serikali kijijini, zikachomwa, walimu wakauawa au wakatekwa, takriban nusu ya shule za msingi ziliharibiwa au zikafungwa. Amani ilipokuja wakajenga kweli, kwa misaada na kwa nguvu za wananchi, na watoto wakaja kwa wingi, na ada ilipofutwa miaka ya 2000 wakaja wengi zaidi. Sasa madarasa hayakutosha, zikawekwa zamu mbili, mahali pengine tatu kwa siku, wengine wakabaki chini ya mikorosho, na walimu hawakutosha kabisa, ikabidi 2007 waweke mpango wa mtu kumaliza darasa la kumi akasoma ualimu mwaka mmoja tu akaingia darasani. Mtoto wa zamu ya tatu anapata masaa mangapi ya kujifunza? Kidogo mno. Wengi walifika darasa la tatu, la nne hawajui kusoma sentensi.

Kuna mahali tofali zilifanya kazi vizuri, nalo lazima niliseme. Rwanda 2009 walianzisha elimu ya msingi ya miaka tisa kwa kila mtoto na wananchi wakajenga madarasa maelfu kwa umuganda, yani kazi ya pamoja kama msaragambo wetu. Lakini hiyo ilikuwa miaka 15 baada ya mauaji ya kimbari, serikali imeshasimama, mishahara inatoka, chuo cha ualimu cha Kigali kinatoa walimu tangu 1999. Jengo lilimkuta mwalimu tayari yupo.

Na hela yenyewe. Ile 2021 serikali yetu ilipojenga madarasa 15,000 ilihesabu milioni 20 kwa darasa moja. Sisi tuna 4.6, haifiki hata robo ya darasa. Tutajenga msingi na kozi chache, alafu mvua ije, na Papa atakuwa anarudi kila mwaka kutuambia boma linaota majani. Jambo la mwisho kwenye tofali, mahali ambapo vita haijaisha kabisa jengo la shule ndo askari wa upande wowote wanalolala kwanza, lina paa, lina uwanja, lipo barabarani. Hili limetokea Kongo, limetokea Sudan Kusini, na watoto wanasubiri nje.

Mwalimu

Hapa nitakaa kidogo mana ndo roho ya jambo lenyewe.

Rwanda, Septemba 1994, miezi miwili tu tangu mauaji yasimame, shule zilifunguliwa. Walimu wengi walikuwa wameuawa, wengine wamekimbia nchi, wengine walikuwa wameshiriki kuua. Madirisha hamna, madawati yalichomwa kuni, kwenye baadhi ya majengo bado kulikuwa na miili. Wakachukua yeyote aliyesoma sekondari akawa mwalimu. UNESCO na UNICEF walikuwa na sanduku wanalompa mwalimu, lina chaki, madaftari, slate (vibao vidogo vya kuandikia), vitambaa vya herufi na namba na kitabu cha kumwongoza, sanduku moja kwa watoto 80, nusu asubuhi nusu mchana. Sanduku hilo hilo lilitumika na kambi za Ngara huku kwetu. Fikirini, nchi iliyoumia kuliko zote ilianza na mtu mmoja na sanduku.

Sasa Kongo yenyewe, ambayo ndo tunaizungumzia. Kule shule nyingi za serikali zinaendeshwa na makanisa kwa mkataba wa 1977, Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu (kanisa lililozaliwa huko huko Kongo), baadaye na Waislamu wakaingia. Serikali ilipochoka kulipa, miaka ya 80 na 90, wazazi wakaanza kumlipa mwalimu wenyewe, hela wanayoiita prime. Vita zikapita, ya 1996, ya 1998 mpaka 2003, serikali haionekani, na shule nyingi hazikufa kwa sababu mama fulani alileta debe la mihogo na baba fulani alileta samaki wa ziwani, mwalimu akabaki. Mi nikiwaza hilo nawaheshimu sana wale wazazi. Upande wa pili ndo huu, mtoto ambaye kwao hawana anarudishwa nyumbani katikati ya muhula, na wa kwanza kurudishwa ni wa kike. Septemba 2019 serikali ilitangaza elimu ya msingi bure, madarasa yakafurika, na walimu ambao majina yao hayakuwa kwenye orodha ya mishahara wakajikuta hawana prime wala mshahara. Papa anasema wale wawili wa kijijini kwao mmoja yupo kwenye orodha na mmoja hayupo. Wenyewe wanasema hajawa mecanisé. Huyo asiyekuwepo ndo kijana, ndo mwenye nguvu, na ndo atakayeondoka kwenda kuvua dagaa kama hakuna kitu.

Kwahiyo dada yetu ana hoja nzito, ila kulipa walimu nako kuna mitego na lazima tuiangalie kwa macho mawili. Sierra Leone vita iliisha 2002, wakafuta ada ya msingi, watoto wakajaa, jumuiya zikafungua shule zao na walimu wa kujitolea, alafu orodha ya mishahara ikaja kuwa na walimu hewa wengi huku wa kweli kijijini anasubiri miaka kuidhinishwa. Hilo neno la hewa sisi hatuhitaji kufafanuliwa. Sudan Kusini mshahara wa mwalimu uliporomoka na thamani ya hela yao mpaka ukawa haununui kitu, tangu 2017 Umoja wa Ulaya ukawa unawapa walimu wa msingi posho ya dola 40 kwa mwezi ili tu waendelee kuja darasani. Dola 40 zikabakiza maelfu ya watu kazini! Ila posho ya mfadhili ina mwisho wake, na ukimzoesha mwalimu hela ya Mbeya alafu ikakatika ghafla, unaweza kumpoteza kabisa, hata yule ambaye mwanzo alikuwa anafundisha bure.

Na kulipa peke yake hakutoshi. Liberia vita iliisha 2003, shule zikafunguliwa, elimu bure ikaja, na mwaka 2013 vijana karibu 25,000 walifanya mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Liberia, hakufaulu hata mmoja. Hata mmoja. Miaka kumi watoto walikuwa wanakaa darasani, wanapanda madarasa, wanapewa vyeti, na mbele yao amesimama mtu ambaye naye alikosa shule wakati wa vita na hakuna aliyemsaidia. Hiyo habari niliposikia nilikosa usingizi, kwa sababu mi ni mwalimu, najua inavyokuwa, unaandika ubaoni, watoto wananakili vizuri, daftari zimejaa, na hakuna aliyeelewa.

Wapo watakaosema basi tusiwatumie walimu wasiosomea. Hapana, hapo sikubaliani. Mwalimu aliyenifundisha mimi kusoma alikuwa mwalimu wa UPE, yani elimu ya msingi kwa wote, wale waliochukuliwa baada ya Azimio la Musoma la 1974, elimu yake darasa la saba. Alinifundisha nikajua. Wale hawakuachwa peke yao, walikuwa wanasoma kwa posta na kwa redio huku wanafundisha, na kulikuwa na mkufunzi anayewazungukia kijiji kwa kijiji, anakaa nyuma ya darasa, jioni wanaongea. Miaka ya 2000 tukapata wale wa sekondari walioitwa vodafasta, wiki chache chuoni kisha darasani, na wengi waliachwa wajitegemee, na wengi wao walikuwa vijana wazuri sana ila waliteseka wao na wanafunzi wao. Kwahiyo tofauti naiona pale kwenye mtu wa kumtembelea. Kikundi kitakachochagua kulipa mwalimu kiweke na hela ya mtu wa kwenda kukaa nae, hata wiki mbili kwa mwaka, la sivyo tunalipa mtu azame polepole.

Masomo ya haraka

Hii vijana wetu waliisema kwa uchungu na wana haki. Mtoto wa miaka 14 huwezi kumkalisha darasa la kwanza na wa miaka 6, magoti hayaingii kwenye dawati, anaona aibu, wiki ya pili haji. Sierra Leone waliliona hilo wakaanzisha mpango unaoitwa CREPS, miaka sita ya msingi wakaibana ikawa mitatu, kwa watoto waliopitwa na umri, wengi wao walikuwa wamebeba bunduki au walikimbia. Liberia wakafanya hivo hivo. Sudan Kusini miaka minane ya msingi inabanwa kuwa minne. Na Kongo kwenyewe ipo, wanaita rattrapage, miaka sita kwa mitatu, na mwisho mtoto anafanya mtihani ule ule wa kumaliza msingi wanaofanya wengine. Hapo pa mtihani wekeni alama. Huku kwetu MEMKWA ilifaulu pale ambapo mtoto alikuwa na mlango wa kutokea, anafanya mtihani wa darasa la nne au la saba anaingia mfumo wa kawaida, na ilikufa pale ambapo ilibaki kibanda cha wakubwa nyuma ya shule, mwalimu wa kujitolea posho yake haiji, mwisho watoto wanaishia hewani.

Uzuri wake ni kwamba inaanza na kidogo. Haihitaji jengo lake, inaingia mchana wenzao wadogo wakishatoka, na mtoto mkubwa anashika haraka kuliko mdogo, hili kila mwalimu aliyefundisha watu wazima analijua, ukimpata ametulia mwezi mmoja anasoma silabi zote. Kingine ni mabinti. Kwenye vijiji vilivyotoka vitani kuna mabinti wa miaka 15 wana watoto mgongoni. Shule ya kawaida mara nyingi inawafungia mlango, Sierra Leone waliwapiga marufuku wajawazito tangu 2015 baada ya Ebola, mpaka 2020 ndo ikaondolewa baada ya mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, kusema ni ubaguzi, na sisi wenyewe Tanzania tumeruhusu kina mama wadogo kurudi Novemba 2021 tu. Darasa la haraka la mchana linaweza kumpokea na mtoto wake akalala kwenye kanga pembeni.

Ubaya wake, linamchosha mwalimu vibaya, kubana miaka miwili kwenye mmoja kunahitaji mtu anayejua kipi cha kuacha, na mwalimu dhaifu ataacha kisicho sahihi au atakimbiza yote wasielewe lolote. Na ni tiba ya kizazi kimoja. Baada ya miaka mitatu minne wale wakubwa wamekwisha, unatakiwa ufunge, na ukikuta wazazi wanaleta wa miaka 7 kwenye darasa la haraka kwa sababu linaisha mapema, jua umeanza kuiua shule ya kawaida kwa mkono wako.

Lugha, na nani anakaa na nani

Hili halikutajwa pale Uyole kabisa na linaweza kuharibu vyote vitatu.

Watoto wa kijiji cha Papa, waliotoka kambi za Kigoma walisoma mtaala wa Kikongo na Kifaransa, waliotoka Zambia wanajua Kibemba na Kiingereza kidogo, waliobaki wanajua Kiswahili cha kwao tu. Rwanda walikuwa na tatizo la hivo hivo kwa nchi nzima, waliorudi kutoka Uganda wanaongea Kiingereza, wa Kongo na Burundi Kifaransa. Mwishoni mwa 2008 serikali ikaamua Kiingereza ndo cha kufundishia, na walimu walio wengi walisoma kwa Kifaransa, wakawa wanajifunza lugha jioni wanafundisha kwa lugha hiyo asubuhi. 2011 wakarudisha Kinyarwanda kwa madarasa matatu ya chini, 2019 wakatangaza tena Kiingereza kuanzia la kwanza. Nawaonea huruma wale walimu kwa moyo wote. Msumbiji nao walikaa na Kireno peke yake mpaka mtaala wa 2004 ulipoleta lugha za nyumbani miaka ya mwanzo, na hiyo miaka yote mtoto wa kijijini alikuwa anakaririshwa maneno asiyoyajua.

Kwa Moba bahati ipo, Kiswahili ni lugha ya taifa mashariki ya Kongo na shule zao zinaruhusu kuanza nacho madarasa ya chini kabla ya Kifaransa. Kwahiyo wa kuanza wote waanze na Kiswahili. Ila naomba tusibebe maboksi ya vitabu vya Tanzania tukadhani tumesaidia, najua mmoja wetu alishapendekeza, vya kusoma hadithi sawa, lakini mtihani wa mwisho ni wa Kifaransa na mtaala ni wa kwao, tukiwafundisha kwa mtaala wetu tutawazalishia watoto wasio na cheti kokote.

Na nani anakaa na nani. Mkoa wa Tanganyika wa kule, 2016 na 2017, Waluba na Watwa walichinjana, vijiji vikachomwa, shule nyingi zikaharibiwa. Papa hakulisema mbele ya watu, aliniambia mimi tukiwa tunatembea kwenda stendi, kwamba kitongoji cha Watwa kipo mwendo wa saa moja na watoto wao hawajawahi kukanyaga shule hata kabla ya vita. Rwanda kabla ya 1994 mwalimu alikuwa anawasimamisha watoto darasani kwa kundi, Wahutu simameni, Watutsi simameni, iliandikwa kwenye kumbukumbu za shule na nafasi za sekondari ziligawiwa kwa kundi. Mtoto alijifunza kwa mwalimu wake kwamba jirani ni mtu mwingine. Baada ya vita waliviondoa hivo vyote, na somo la historia ya nchi walilisimamisha miaka mingi kwa sababu hawakujua waliseme vipi bila kuchokoza kidonda. Kwahiyo tukienda kujenga darasa zuri katikati ya kijiji cha upande mmoja, kwa hela ya kanisa la upande mmoja, tutakuwa tumechagua upande hata kama hatukukusudia. Darasa la chini ya mti mahali pa katikati, mwendo wa nusu saa kwa kila upande, kwangu lina thamani kuliko jengo.

Chakula nalipitia haraka, mnalijua, huku kila mzazi anapeleka mahindi na maharage shuleni, uji ukiwepo watoto wapo, uji usipokuwepo mahudhurio yanashuka, na kule ni mihogo na dagaa, wazazi wenyewe wataliweza wakiombwa.

Sasa kwa nani kipi

Kama mna hela ya kutosha darasa zima mpaka bati, walimu wapo na wanalipwa na serikali, na amani imekaa miaka kadhaa, jengeni, na mjenge na nyumba ya mwalimu kabla ya ofisi. Kama jengo lipo hata bovu na watoto wengi ni chini ya miaka 9, wekeni hela kwa mwalimu na mtu wa kumtembelea. Kama wengi wamepitwa na umri, zaidi ya nusu tuseme, masomo ya haraka ndo ya kwanza, mana hao wakipita miaka miwili mingine wanaoa, wanaolewa, wanaingia ziwani, hamtawapata tena. Tofali zinaweza kusubiri, mtoto wa miaka 14 hawezi.

Kwetu sisi na hizi milioni 4.6 nimepiga hesabu hivi. Walimu wawili, yule kijana na mwingine watakayemchagua wazazi wa pande zote mbili, elfu 80 kwa mwezi kila mmoja kwa miezi 18, hiyo ni milioni 2 na laki 8 na elfu 80. Ni pungufu ya zile dola 40 za Sudan Kusini, nimeiweka hivo makusudi ili wazazi waongezee chakula na isiwe kubwa kiasi kwamba ikiisha kila kitu kinaanguka. Asubuhi wadogo, mchana wakubwa, mzee anasaidia asubuhi, mshahara wake upo. Laki 6 turubai zito na miti ya paa la muda, watu wa kule wanajua kuezeka nyasi na fito watatoa wenyewe. Laki 5 mbao mbili za kuandikia, chaki, madaftari, slate. Inabaki laki 6 na elfu 20, nauli na chakula cha mwalimu mmoja mzoefu aende akakae nao wiki mbili, naam, nipo tayari kwenda mimi likizo ya Desemba, Kifaransa sijui ila kufundisha silabi kwa Kiswahili najua.

Katika hiyo miezi 18 kazi ya kamati ya kule iwe moja, kulipigania jina la yule kijana liingie kwenye orodha ya serikali kupitia kanisa linalosimamia shule, na darasa la wakubwa liandikishwe kama rattrapage ili mtihani wautambue. Hiyo ikishindikana mpaka mwezi wa kumi wa hiyo 18, tukae tena.

Baba mchungaji, najua ulitaka bati, na ninakuheshimu, wewe ndo uliyenipokea Mbeya. Hela ya bati tuianze upya kama mfuko mwingine, kwa miaka mitatu tukichanga kama tulivochanga tunaweza kupaua zile kuta mbili, na wakati huo kutakuwa na watoto wa kuingia humo ndani.

Papa anashuka Sumbawanga wiki ijayo kisha Kirando kutafuta boti. Kabla hatujanunua hata msumari naomba atuletee hesabu tatu: watoto wangapi wapo kati ya miaka 10 na 16 na kati yao mabinti ni wangapi, watoto wangapi wapo kwenye kile kitongoji cha Watwa, na yule mwalimu kijana kama yuko tayari kukaa. Nimemwandikia kwenye daftari lake la vitenge, ukurasa wa nyuma.